Usinunue moteri peke yake, nunua Explorer nzima

Kila mara mutu akiniuliza namna ya kuipa nguvu motokari ya zamani ya kimarekani, Mustang ao Chevrolet ao hata Dodge kama uko na bahati ya kuwa nayo hapa Lubumbashi, jibu langu ni moja tu: usitafute moteri, tafuta motokari nzima iliyopata aksida, ile bado iko na moteri yake ndani, bwati yake ya vitesi, poni yake ya nyuma yenye kuzungusha pine, waya zake zote, funguo yake na karatasi zake. Bengi banakataa. Banasema ni bei, banasema hakuna nafasi ku parseli, banasema mama wa nyumba hatakubali chuma ya kubomoka ikae mbele ya mulango miezi na miezi. Yote ni kweli. Na bado ninasema nunua nzima.

Motokari yenye ilinifundisha hii ni Ford Mustang ya 1967, ya muzee mumoja wa Bel-Air, sisi sote tunamuita Papa tu. Aliirizi kwa baba yake. 1967 kwa sisi watu wa huku siyo mwaka mudogo: njo mwaka Union Minière, ile kampuni kubwa ya migodi, iliingia mikononi mwa serikali, na muji wenyewe ulikuwa umeacha jina la Élisabethville mwaka moja tu kabla ya hapo. Motokari ilitoka na moteri ya 289, hiyo ni inchi za kibu, karibu litri 4.7, V8, karbirateri (ile yenye kuchanganya hewa na esansi) ya matundu mawili, bwati otomatiki ya vitesi tatu, na freni za tamburi ku pine zote ine. Diski za mbele zilikuwepo mwaka ile, lakini mununuzi alipaswa kuziomba na kuzilipia, na baba ya Papa hakuziomba.

Nianzie hapo ku freni, kwa sababu vijana wakiona Mustang banauliza nguvu za farasi ngapi, hakuna mwenye anauliza inasimama je. Tamburi inasimamisha vizuri mara ya kwanza. Ukishuka kilima na muzigo, ukafinya tena na tena, tamburi inapata moto, inapanuka, inaenda mbali na viatu vya freni, na pedali inazama chini ya muguu wako. Diski yenyewe ikipata moto inapanuka kuelekea plaketi zenye kuifinya, na upepo unaipoza haraka kwa kuwa iko wazi. Kuongeza nguvu ya moteri ku motokari yenye haisimame ni kazi mbaya, na mimi sikubali kuishika kabla ya kuongea freni kwanza. Papa alikubali haraka kuliko nilivyofikiria. Alisema tu, "Mwanangu, mimi ninataka kufika Likasi na bibi yangu, na nirudi naye."

Basi tukatafuta Explorer, ile jipu kubwa ya Ford. Kwa nini Explorer? Kwa sababu Ford walitengeneza Explorer ya moteri V8 ya litri 5.0 kuanzia 1996 mpaka 2001, na ile moteri ni ndugu wa damu wa ile 289 ya Mustang. Ukoo ni moja. Bulo za kushikia bwati ni sita, pahali pamoja, vishikio vya moteri pande zote mbili vinakubaliana, kwa hiyo moteri ya miaka ya 1990 inakaa ndani ya tumbo la motokari ya 1967 bila kukata chuma ya bodi. Na mwaka 1967 Ford walikuwa wameongeza upana wa chumba cha moteri ili kuingiza V8 kubwa zaidi, ya 390, kwa hiyo nafasi iko kuliko ku Mustang za 1965 na 1966, hata kama ile minara ya springi za mbele bado inasumbua mukono wakati wa kufunga bomba za moshi.

Halafu kuna mambo ya farasi, na hapa watu banadanganywa na namba. Katalogi ya 1967 inaandika farasi 200 kwa 289 ya matundu mawili. Explorer inaandika 215 hivi. Mutu anasema, farasi kumi na tano, njo munapasulia motokari yote? Lakini zamani walikuwa wanapima moteri ikiwa peke yake juu ya meza, bila bomba zake za kweli za moshi, bila feni, bila vitu vyenye kula nguvu. Kuanzia 1972 hivi kule Marekani wakaanza kupima na vyote vimefungwa, namna moteri inaishi ndani ya motokari. Kwa hiyo 215 ya Explorer ni 215 ya kweli, na 200 ya 1967 ukiipima leo kwa njia hiyo inashuka sana.

Na tena sisi tuko juu. Lubumbashi iko karibu metri 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na moteri bila turbo inapoteza karibu sehemu moja ku nane ya nguvu yake hapa. Karbirateri haijue hiyo. Kama imepangwa kwa hewa ya chini kule baharini, hapa inamwaga esansi mingi kuliko hewa inaweza kuchoma, bujii zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, Papa analipa esansi ya bure. Explorer iko na kapteri yenye kupima uzito wa hewa inayoingia, na kompyuta yake inatoa esansi kulingana na hewa ile. Panda milima ya Kundelungu, shuka mpaka Kasenga, yenyewe inajipanga. Kwa mimi hii peke yake ilitosha.

Explorer tuliyoipata ilikuwa imepinduka ku barabara ya Kasumbalesa. Paa imelala, viyoo vyote vimeisha, mulango wa kushoto umeingia ndani, lakini mbele na chini hakuna kitu imepinda. Mwenyewe alikuwa anaiuza kwa bei ya chuma karibu, kwa sababu demareri ilikuwa inazungusha moteri na moteri haiwake, na kila mutu aliyekuja kuangalia alisema moteri imekufa. Sasa sikiliza hii vizuri kwa sababu inaweza kukuletea pesa. Ford za wakati ile ziko na kiswichi kidogo cha usalama, ku Explorer kiko chini upande wa miguu ya mwenye kukaa kuume mbele, nyuma ya plastiki. Motokari ikigongwa ao ikipinduka, kile kiswichi kinaruka na kukata pompi ya esansi, ili moto usiwake. Kina kibutoni juu yake. Unakifinya, kinarudi.

Lakini usikifinye haraka. Motokari iliyopinduka, mafuta ya moteri inaweza kuwa imeingia ndani ya silinda, na mafuta haifinyike kama hewa. Ukizungusha kwa nguvu unapinda byele, ile mikono yenye kushika pistoni. Tulitoa bujii zote nane, tukazungusha moteri kwa mukono na ufunguo mukubwa, tukaacha mafuta itoke, tukapima komprisyo silinda moja moja, zote zilikuwa karibu karibu. Tukarudisha bujii, tukafinya kibutoni. Moteri ikawaka. Tulilipa siku ile ile.

Sasa kwa nini nzima? Kwa sababu ule undugu wa moteri mbili ninaousifu njo unaotega watu. Zinafanana sana mpaka fundi anafikiri anaweza kuchanganya. Anachukua moteri ya Explorer, anasema hii puli ya mbele ya vilbreken, ile shafti kubwa yenye kuzungushwa na pistoni, nitaweka ile ya Mustang, ni nzuri zaidi, hii sahani ya nyuma nitaacha ile ya zamani kwa sababu inaingia ku bwati ya zamani. Bulo zinaingia, hakuna kitu inakataa. Lakini vilbreken ya moteri za zamani inategemea uzito wa inje wa kuilinganisha wa 28, namna Wamarekani wanauhesabu kwa onsi na inchi, na vilbreken za kuanzia miaka ya 1980 zinategemea 50. Puli na sahani njo zinabeba ule uzito. Changanya, na moteri itatetemeka mpaka inavunja vitu, na utamaliza wiki ukibadilisha vishikio vya moteri ukifikiri ni mpira umechoka.

Pompi ya maji vilevile. Ku 289 mukanda unaizungusha upande moja, ku Explorer ule mukanda murefu moja unapita mugongo wa pompi na kuizungusha upande mwingine. Mabawa ndani yamepindwa kulingana na upande wake. Funga pompi ya zamani na mukanda mupya, maji haitembei vizuri, moteri inachemka, na watu banalaumu radiatere. Mpangilio wa kuwasha silinda pia umebadilika: 289 inawasha 1-5-4-2-6-3-7-8, Explorer 1-3-7-2-6-5-4-8. Kamshafti, ile shafti yenye kufungua valvu, njo inaamua hiyo, siyo waya. Mutu mwenye kuzoea ya zamani anafunga waya za bujii kwa kukumbuka tu, na moteri inapiga risasi kupitia njia ya kuingizia hewa.

Halafu kompyuta. Explorer za miaka ya mwisho ziko na funguo yenye alama ndani ya kichwa chake, kompyuta inasoma funguo kupitia duara ndogo karibu na pahali pa kuingizia, isipoitambua haitoi esansi. Nimeona watu bananunua moteri, halafu kisha wiki kadhaa bananunua kompyuta ku muuzaji mwingine, halafu banatafuta waya ku wa tatu, na waya zimekatwa na kisu kwa sababu aliyezitoa alikuwa na haraka. Kila kitu ni kizima, na pamoja havifanye kazi. Ni sawa na kununua nyama ya mbuzi kipande kipande ku wachinjaji tofauti halafu unataka mbuzi isimame. Wakati motokari iko nzima ku parseli, unaiwasha asubuhi, unaona inafanya kazi, halafu unaanza kutoa kitu kimoja kimoja ukibandika karatasi ku kila plagi: hii ya joto la maji, hii ya pompi, hii ya bwati. Waya yote inatoka muzima kama nyavu. Hata kile kiswichi cha usalama tulikihamisha, sasa kiko ndani ya Mustang, upande ule ule.

Na poni njo pahali pa kuonyesha kabisa nini maana ya kubeba vyote pamoja. Poni ya Explorer, ile watu wanaita 8.8 kwa sababu ya upana wa gia yake kubwa kwa inchi, ni nguvu kuliko ile ya inchi 8 iliyokuwa chini ya Mustang, shafti zake ni nene, na kuanzia 1995 iko na freni za diski tayari, na freni ya mukono ndani yake. Yetu ilikuwa na gia ya 3.73. Ile ya zamani 3.00. Sasa mutu achukue poni peke yake, aache bwati ya zamani ya vitesi tatu: ku kilometri 100 kwa saa moteri itazunguka karibu mara 3,050 kwa dakika, wakati na gia ya zamani ilikuwa karibu 2,450. Anaenda Likasi masikio yanaimba na esansi inaisha. Atasema poni ni mbaya. Lakini bwati ya Explorer iko na kitesi cha ine cha kupumzisha, 0.70, na ukizidisha na 3.73 unapata 2.61, moteri inazunguka karibu 2,100 tu. Na kitesi cha kwanza cha bwati ile ni 2.84, cha zamani ni 2.46, kwa hiyo ku kuondoka motokari inaruka, na ku barabara ndefu inalala. Gia ile ilichaguliwa kwa ajili ya bwati ile. Watu wa Ford walishafanya hesabu, wewe unaichukua kama ilivyo.

Kuchomelea poni ile njo kazi ilinipendeza kuliko zote. Upana wake karibu unalingana na ya Mustang ya 1967, hatukukata mirija. Tulikata tu vikalio vya springi vya Explorer na kuweka vingine kwa vipimo vya Mustang. Fundi wetu wa kuchomelea ni muzee aliyefundwa ku Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mutu wa maneno kidogo. Alikataa kuchomelea kabla motokari haijakaa chini kwa uzito wake wote, moteri ndani, esansi ndani, kwa sababu pembe ya pua ya poni kuelekea kardani, ile shafti ndefu kutoka ku bwati, inabadilika springi zikibeba uzito, na pembe ikiwa mbaya kardani inalia na misalaba inakufa. Akagusa kidogo kidogo tu, vidonda vidogo vya kushikilia. Tukaitoa. Halafu akachomelea sentimetri chache upande huu, akaenda upande mwingine, akangoja, akarudi, kwa sababu moto mingi pahali pamoja unapinda murija na shafti inaanza kula beringi. Umeme ukakatika katikati. Kijana moja akasema tuwashe gurupu ya umeme tumalize. Muzee akamuambia, "Wacha ipoe, mwanangu, chuma haina haraka." Tukangoja jioni yote.

Siyo kila kitu cha Explorer kinafaa, niseme wazi. Mbele yake yote haifanani na ya Mustang, kwa hiyo diski za mbele Papa alizinunua mupya kutoka inje, na njo kitu kilikula pesa mingi. Ukifunga diski mbele na nyuma usiache masta (pompi kuu) ya freni ya tamburi bila kuifungua, kwa sababu ndani kuna kivalvu chenye kubakisha presha kidogo ku mirija, tamburi inahitaji ile presha, diski hapana, plaketi zitagusa siku yote na kuungua. 1967 angalau iko na masta ya njia mbili, murija moja ukipasuka unabakia na pine mbili za kusimama nazo. Ya 1966 iko na njia moja, mwenye nayo aibadilishe hata kama hana mpango wa kitu kingine. Na kama Explorer yako ni ile ya kuendesha pine zote ine, ujue mukia wa bwati yake ni mwingine na utakuhangaisha. Yetu ilikuwa ya nyuma tu, tuliitafuta hivyo makusudi.

Tanki ya esansi nayo inastahili heshima. Ku Mustang za miaka ile sehemu ya juu ya tanki njo sakafu ya kofri, hakuna chuma nyingine katikati yake na masanduku yako. Karbirateri ilikuwa inaomba presha ya 5 ao 6 psi, ile pompi ya zamani ya pembeni ya moteri inatosha. Ya kuingiza kwa sindano inaomba 40 hivi ao zaidi. Mirija ya mpira ya zamani haiwezi. Tuliweka mirija mupya ya chuma na mpira wa presha kubwa, pompi ndani ya tanki, na juu ya tanki bamba ya chuma ya kutenganisha kofri, na bamba nyingine nyuma ya viti. Mutu mwenye kukuambia hiyo bamba ni mapambo, usimpe motokari yako.

Kidogo juu ya janti, kwa sababu bananiuliza kila mara. Bulo tano za Mustang ya V8 ziko ku duara ya milimetri 114.3, na Explorer ni ile ile, na RAV4 mingi zenye kutembea hapa muji ni ile ile. Lakini shimo la katikati la janti ya Toyota ni 60.1 na Ford inaomba karibu 70.5, kwa hiyo janti ya RAV4 haikai mpaka turneri, fundi wa kuchonga chuma, alipanue kwa mashine. Inawezekana. Ku gurudumu ya akiba sawa, ku nne za kila siku mimi ninapenda za Ford.

Papa alikuwa na hofu moja, alinieleza siku tulikuwa tunatoa moteri ya baba yake. Aliuliza kama kisha kazi hii motokari itakuwa bado ile. Ninaheshimu sana swali lile, na kuna watu banapeleka Mustang ku mashine ya kukata bila kujiuliza. Makubaliano yetu yalikuwa bodi isiguswe na msumeno hata pahali pamoja. Handaki ya bwati tuliigonga kidogo na nyundo kwa sababu bwati ya Explorer ni nene, basi. Ile 289 tumeifunga vizuri, mafuta ndani ya silinda, pamoja na karbirateri, bwati na poni yake ya inchi 8 na vikalio vyake, vyote ku depo ya Papa. Mujukuu wake akitaka kurudisha, bulo zote ziko.

Karatasi sasa, na hii ninawaambia hata wenye haraka. Namba ya shasi ya Explorer, karatasi ya duane (forodha), karti roze ya motokari, mukataba wa mauzo wenye sahihi ya muuzaji, vyote viko ndani ya bahasha moja na Papa anatembea na kopi. Moteri iko na alama zake, na siku polisi ao mutu wa bima akiuliza ilitoka wapi, unaonyesha. Moteri iliyonunuliwa pembeni ya barabara bila karatasi, jibu lake utalipata wapi?

Mzoga wenyewe bado uko ku parseli. Milango miwili ya kuume imeenda, tayari kuna mutu wa Kampemba mwenye Explorer yake aliichukua, viti vya nyuma viko ndani ya basi ya jirani, taa moja ya nyuma imeuzwa. Pesa ile ililipa mirija yote ya esansi na bamba zote mbili. Dashibodi na boksi ya fyuzi hatuuze kwanza mpaka Papa amalize msimu wa mvua moja na motokari, kwa sababu umeme unapenda kuleta maneno maji ikiingia, na nikitafuta rele ya rangi ile saa ya usiku ninataka kujua iko wapi.